Dereva, Jirani Kaanika Nini?

Gari langu hunikaripia. Nisipofunga mkanda linalia, mlango usipobana vizuri linalia, na nikirudi nyuma karibu na ukuta linapiga kelele mpaka watu wageuke. Mwezi uliopita, nilipoacha lami na kuanza kupanda vilima kwenda nyumbani Keza, likaniwashia kitaa cha njano kuniambia tairi moja imepungua upepo. Nikacheka peke yangu. Nilijua nikifika nitaambiwa jambo hilohilo na mtu ambaye hajawahi kuhitaji kitaa.

Na kweli. Nilizima gari uani, Baba akatoka na fimbo yake, akagusa tairi ya mbele kwa ncha ya kiatu kabla hata sijashuka.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwana wanje. Hii tairi umeileta au imekuleta?" Mwana wanje, kwa lugha ya kwetu, ni mwanangu.

Ningecheka tena, lakini niliona kitu. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa dereva, naye alinijibu akiwa ameelekeza uso wake kwenye mlango wa abiria.

Sikuwa nimekwenda kusalimia tu, rafiki yangu. Mama alikuwa amenipigia simu. Baba alikuwa amekwangua ukuta wa jiko la jirani kwa pikapu yake, kisha akashikilia kwamba ukuta ndio uliojengwa vibaya. Na sasa alikuwa amepanga kuwapakia wajukuu kuwapeleka Nyamahanga, kule Biharamulo, kwa shangazi yangu, kwenye sherehe ya kipaimara. Safari hiyo inaanza na mteremko wetu, unaowatoa jasho hata madereva vijana, kisha inaingia lami ya malori yanayotoka Rusumo, na malori hayo hayana subira na mzee. Daktari wa macho alishamwambia aache kuendesha. Baba akasema yule daktari ni mtoto. Kaka yangu mkubwa alificha ufunguo. Baba akachongesha mwingine na kumnyima salamu Kwaresima nzima.

"Njoo wewe," Mama aliniambia. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimuuliza."

Nikueleze nilikuwa nikimuuliza nini.

Utotoni kwetu pikapu ile ilikuwa kama ng'ombe wa maziwa. Ilibeba ndizi, maharage na kahawa za majirani kwenda sokoni, ilibeba maharusi hadi Bugarama, ilibeba wagonjwa wakiwa wamelazwa kwenye godoro nyuma. Ilikuwa na safu mbili za viti ambavyo vilinukia kahawa na mafuta ya taa. Uani kwetu hapakuwa na sehemu tambarare, kwa hiyo ililala imevutwa handibreki, imeingizwa gia, na mawe mawili makubwa yamekaa nyuma ya tairi. Baba hakuamini kimoja bila kingine. Alisema handibreki ni waya, na waya hukatika.

Asubuhi ya safari niliijua kwa sauti kabla ya kufungua macho. Mama akipuliza moto wa mikaratusi, kuku wakitoka kwa malalamiko chini ya gari walikolala, boneti ikifunguka kwa mlio wake wa bawaba kavu. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, na nyasi zililowesha miguu mpaka magotini. Tulikunywa uji wa moto tukiwa tumesimama, maana kila mtoto alikuwa na kiungo chake cha gari cha kukagua. Kaka mkubwa alikuwa wa tairi: upepo, nati, na ile ya akiba. Dada alikuwa wa boneti: maji ya rejeta, oili, mafuta ya breki, mkanda wa feni. Kaka wa pili alikuwa wa taa na honi, na wa kuchungulia uvunguni, kwa sababu mbali na kuku kulikuwa na mbuzi wa jirani aliyependa kivuli cha mle kuliko majani.

Tulipomaliza, Baba alikaa kwenye usukani mlango ukiwa wazi, akaanza kuita. Mama, aliyekuwa mwimbaji wa kanisani, aliita jambo lile litania ya gari, na hakuwa anasifu.

"Tairi?"

"Zipo!"

"Maji?"

"Yapo!"

"Oili?"

"Ipo!"

Alibonyeza breki, na kaka wa pili kule nyuma akapaza sauti kusema kama taa zote mbili zimewaka. Sheria ilikuwa moja tu, nayo haikuwa na msamaha: usiseme ipo kama hujaiona kwa macho yako. Dada aliwahi kusema yapo bila kufungua kifuniko, kwa kuwa siku iliyotangulia maji yalikuwepo. Baba akashuka, akatazama, akakuta yamepungua. Yule dada aliyekuwa ameshavaa gauni la kwenda Biharamulo alibaki nyumbani anapukuchua maharage, analia na kutukana rejeta. Siku hiyo nilidhani Baba ni katili. Sasa na mimi nina watoto wanaojibu maswali bila kutazama, na nimepunguza ukali wa hukumu yangu.

Mimi nilikuwa kitinda mimba. Boneti sikuifikia, nati sikuziweza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimama mbele kabisa, kando ya mti wa kahawa, Baba anione. Hakuwasha gari kabla hajaona vichwa vya watoto wote. Kazi ya pili alinipa kwa sababu nililia kwamba sina kazi. Nilikuwa wa kumkagua dereva.

Ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kinachotazamana na chetu, aliishi mama mmoja aliyekuwa hodari wa kuanika. Hakuna siku uani kwake palipokosa kitu: kahawa, mihogo, mikeka, nguo za watoto, blanketi lililokojolewa. Ukungu ukishapanda, vyote vilionekana kutoka kwetu, ila kwa mtu mwenye macho mazima na kichwa kilichotulia. Basi litania ilipofika mwisho, mimi nilipaza sauti yangu nyembamba:

"Dereva, jirani kaanika nini?"

Baba alishuka, akasimama kwenye ukingo wa ua, akatazama. "Shuka jekundu na mihogo," alikuwa akisema. Mimi nilihakikisha, kisha nikatoa ruhusa: "Haya, washa." Wewe fikiria. Mtoto asiye na meno ya mbele ndiye aliyempa ruhusa mwanamume ambaye kijiji kizima kilimwamkia. Nilikuwa na majivuno yasiyo na kifani.

Swali lile lilipima zaidi ya macho, nilielewa baadaye. Mtu aliyekesha msibani hukosea. Aliyeonja pombe ya ndizi hukosea huku akibisha. Kwenye harusi walikuwa wakimsogezea mrija, wakimwambia avute hata mara moja tu asiwaaibishe, naye alijibu kwamba ana mkaguzi nyumbani na mkaguzi mwenyewe hana huruma.

Mara moja tu dereva alikataliwa. Pikapu ilikuwa imejaa ndizi mpaka springi zimelala, wanunuzi wanasubiri sokoni, tairi zipo, maji yapo, kila kitu kipo. Nikauliza swali langu. Baba akatazama ng'ambo, akafumba macho, akatazama tena. Jasho lilikuwa linamtoka ilhali sisi tulikuwa tunatetemeka kwa baridi.

"Naona nyumba mbili," alisema. Kisha akanipa ufunguo, mimi, nikaushika kwa mikono yote miwili. "Dereva mbovu leo."

Ilikuwa malaria. Mama alifoka, maana ndizi zile ziliivia uani na nusu yake tukala mpaka tukazichukia, nusu ikawa pombe ya majirani. Baba alikuwa amejifunika blanketi, anatetemeka, na alichomjibu Mama ni kwamba ndizi huota tena.

Njiani alikuwa dereva wa kuchosha. Mikanda ya mbele ilifungwa hata kwa safari ya kwenda kisimani. Kwenye ukungu aliwasha taa ndogo za chini na kwenda taratibu, akisema taa kali hurudishwa na ukungu machoni mwa mwenye gari. Kila kona alipiga honi. Mteremkoni aliingiza gia ndogo akaiacha injini ilie, wakati madereva wengine walikuwa wanatoa gia ili wabane mafuta, gari likishuka lenyewe. Walitupita wakitucheka. Mmoja wao tulimkuta chini, gari likiwa ndani ya shamba la migomba, mwenyewe amekaa juu ya jiwe anatazama mikono yake. Baba alisimama, akamsaidia kuvuta, wala hakumwambia neno. Sisi ndio tulitaka amwambie.

Halafu tukakua. Kaka mkubwa akaoa akajenga jirani, dada akaolewa, kaka wa pili akaenda migodini. Litania ilipungua sauti moja moja, mpaka nikabaki mimi peke yangu nikijibu tairi na maji na taa kabla ya kuuliza swali langu. Nilipokwenda chuo, Baba alinisindikiza kituoni kwa pikapu ileile. Sikuwahi kujiuliza aliporudi nyumbani nani alimuuliza.

Turudi kwenye siku ile ya mwezi uliopita. Nililala nyumbani, nikiwa na hotuba niliyoitunga njiani kuhusu umri na usalama na upendo wetu kwake. Hotuba nzuri. Asubuhi nikamkuta uani ameshaondoa vumbi kwenye vioo, wajukuu watatu, watoto wa kaka, wameshavaa viatu vya kanisani. Boneti ilikuwa wazi. Baba aliingiza mkono, vidole vyake vikatafuta kila kitu na kukipata: akabonyeza mkanda wa feni, akanusa oili kwenye kijiti, akapapasa betri. Hakukosea hata kimoja. Ungemtazama kwa mbali ungesema mzee huyu ataendesha miaka mingine.

"Tairi?"

"Zipo!" mjukuu mkubwa akajibu, na moyo ukanipasuka, maana sauti ilikuwa ya kaka yangu kabisa.

"Maji?"

"Yapo!"

Taa, honi, uvunguni. Kisha Baba akafunga boneti na kuelekea kwenye mlango. Litania yake iliishia hapo. Yule mjukuu mdogo alikuwa amesimama kando ya mti wa kahawa, mahali pangu, mikono mitupu, hana swali. Baba hakumfundisha. Sijui kama alilisahau au alilificha, na sitamuuliza.

Hotuba yangu yote ilinitoka kichwani. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa nyembamba tena:

"Dereva, jirani kaanika nini?"

Alisimama. Mama, aliyekuwa anapepeta maharage mlangoni mwa jiko, akaacha kupepeta. Baba akageuka polepole, akatembea hadi ukingo wa ua, akaweka kiganja juu ya macho.

Ukungu ulikuwa umeshapanda. Yule mama wa ng'ambo alifariki zamani, lakini mkwewe amerithi mkono wake, na asubuhi ile kitu chake kilionekana wazi. Mjukuu mdogo akafungua mdomo aseme, nikamwekea kidole. Baba angeweza kukisia. Ulikuwa msimu wa maharage, na angesema maharage nani angembishia? Midomo yake ilisogea. Niliogopa kwamba atadanganya, na niliogopa zaidi kwamba hatadanganya.

"Sioni," akasema. "Mwana wanje, naona weupe tu."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ufunguo, akaupapasa mkono wangu mpaka akapata kiganja.

"Dereva mbovu."

Safari hii hakusema "leo".

Akazunguka mbele ya gari akigusa bodi kwa vidole, akakaa upande wa abiria, akavuta mkanda wake na kuufunga. Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, akisingizia vumbi la maharage. Nilikaa kwenye kiti ambacho maisha yangu yote nilikiona kutokea nje. Baba akaanza mara moja: kiti kivute mbele, vioo nimeviweka kwa urefu wangu si wako, mawe yameondolewa au bado, watoto wako wapi, nani wa nyuma hajafunga mlango. Nikarekebisha kila kitu. Mengi ya hayo gari langu la mjini lingenililia. Kuhusu mimi mwenyewe, kama nimelala, kama nina homa, kama kichwa changu kiko hapa au kwingine, halijawahi kuniuliza, na tangu nilipoondoka Keza hakuna mwingine aliyewahi.

Nilishika ufunguo. Mkono wa Baba ukaja juu ya wangu.

"Bado," akasema. Kisha akauliza taratibu, kama mtoto anayeogopa kukosea: "Dereva, jirani kaanika nini?"

Nikatazama ng'ambo. Sikuona kitu, rafiki yangu. Machozi yalikuwa yamejaa.

"Subiri, Baba," nikasema. "Sijaona bado."

Alisubiri. Watoto nyuma walisubiri. Nikajifuta kwa mkono wa gauni, nikatazama tena, kilima kikakaa sawa.

"Chandarua cha kijani. Na maharage."

"Haya," Baba akasema. "Washa."