Ardent na Kibuyu Kilichobaki Nyumbani

Nimezeeka peke yangu, na neno lililonifikisha hapa ni la Kiingereza: "ardent". Nilifundishwa seminari, kabla sijarudishwa nyumbani. Padri alitueleza kuwa limetoka kwenye Kilatini, kwenye kitenzi cha kuwaka moto. Lakini Waingereza, alisema, hawalitumii sana kwa moto wa jikoni. Humwita hivyo mtu, mpenzi au mfuasi, ambaye moyo wake unawaka. Nililipenda neno lile kuliko nilivyompenda padri mwenyewe.

Miaka ya ujamaa nilikuwa mwalimu Kagoma. Msichana mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu alikuwa akifundisha kwao Kemondo, nami nilitaka kumwoa. Nikamwandikia kwa Kiingereza, kurasa nne! Nikamweleza maana ya neno langu, na asili yake, na kwamba magazetini huwapamba nalo wafuasi wa siasa, ila mimi nalitumia kwake tu. Alijibu kwa Kiswahili, mstari mmoja: "Nimekuelewa. Wazee wapo nyumbani."

Nikamwandikia barua nyingine, ndefu zaidi.

Baba mdogo ndiye aliyeshtuka. Baba alikwisha kufa, hivyo kwenda kuniposea lilikuwa jukumu lake. Alikuwa ameandaa kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na buni za kutafuna zilizofungwa kwenye jani la mgomba.

"Mwanangu, barua haiketi ikanywa na mkwe," alisema.

Nikamjibu, mbele ya shangazi, kwamba hayo ni mambo ya kizamani na taifa linajengwa upya. Akakirudisha kibuyu pembeni. Nilikuwa mpumbavu, nasema wazi, mpumbavu mwenye kamusi.

Kabla ya likizo nikasikia kwamba kibuyu cha watu wengine kimepokelewa Kemondo. Sikula siku mbili. Darasani niliwapa watoto imla, nikageukia ubao ili wasinione.

Mwaka uliofuata nilikutana naye sokoni Bukoba, amevaa pete. Nikamuuliza kama barua zangu hazikumfikia.

"Zilifika, mwalimu. Nilizisoma zote." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Baba aliniuliza kama una watu wa kukuposea, nikamwambia unao. Jumapili tatu mama alitandaza sebuleni nyasi mpya za kupokelea wageni, tukawangojea."