Daktari Aliyetusomea Uani

Mwezi uliopita nilirudi Chonyonyo kumzika daktari wetu. Nilishuka barabarani nikakata njia katikati ya migomba, na kabla sijaona watu wala kusikia kilio, harufu ya kahawa iliyoanikwa ikanipata. Wewe uliyekulia huku unaijua harufu hiyo. Haikuulizi kama uko tayari.

Daktari alikuwa mtu wa Kyerwa. Aliletwa kwenye kituo chetu cha afya angali kijana, akapanga nyumba iliyopakana na kibanja cha bibi yangu, ile migomba na mibuni iliyotulea. Hakuwa na mume, na watu hawakukosa la kusema. Lakini kilichowashangaza zaidi ni kwamba aliandika riwaya. Akitoka kutibu alivua koti jeupe, akaketi barazani na kuandika mpaka jua lizame. Bibi alikuwa akisema, "Mikono ya yule mtoto haijui kupumzika."

Jumapili, tukishatoka kanisani, wanawake wa jirani walikuja uani kwetu kuchambua kahawa. Walikaa kwenye mikeka wakitupa punje mbovu pembeni, na jikoni chungu cha ndizi na maharage kikitokota. Daktari alikuja na karatasi zake, akawasomea alichoandika wiki hiyo. Sisi watoto tulimenya miwa kimyakimya, tusije tukafukuzwa. Wanawake hawakumwonea haya hata kidogo, walimkatiza, wakambishia. Riwaya ilimhusu mwanamke aliyefunga safari kwa miguu kumtafuta dada yake ng'ambo ya mto Kagera. Siku moja mama yangu aliweka ungo chini.

"Daktari, mwanamke gani anaondoka bila kumwambia jirani amwangalizie mbuzi? Huyo wako hajawahi kufuga!"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Daktari naye akacheka, akatoa kalamu, akarekebisha palepale.

Mama alikuwa mjamzito wakati huo. Uchungu ulimshika mchana mmoja wa masika, barabara ikiwa tope tupu. Daktari alimzalisha kituoni. Mtoto hakulia, na damu ya mama ikakataa kukoma. Gari lililoitwa kumpeleka hospitali kubwa lilikwama njiani. Daktari alifanya yote aliyoyajua, kisha akafanya na yale ambayo hakuwa na hakika nayo. Mama hakuiona jioni.

Daktari alikuja mwenyewe kutuambia. Aliingia amelowa, akapita viti vyote, akaketi chini kwenye nyasi zilizotandikwa, miguuni pa bibi.

"Mama, nimeshindwa."

Bibi hakupiga yowe. Alimwekea mkono kichwani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikingoja mtu aniambie mama anarudi saa ngapi.

Baada ya matanga kahawa ilichambuliwa kimya. Daktari aliendelea kutibu, lakini barazani hakuonekana tena. Jumapili moja bibi alijifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda kwake.

"Mwanangu," alimwambia, "aliyekufa ni wa tumbo langu, nami nimetoka nje. Wewe mbona umejizika?"

"Nitawasomea nini, mama? Kila nikiandika, yule mwanamke wangu anacheka kama yeye."

"Basi mwache acheke. Mimi mwenyewe natamani kumsikia."

Akaja uani. Alisoma kwa sauti ya kukatikakatika, na alipofika kwenye kicheko wanawake wakaacha kuchambua. Siku hiyo hakuna aliyembishia. Bibi alijifunika uso kwa upindo wa kanga, na kutoka humo ndani nikamsikia akisema, "Rudia hapo."

Riwaya ile ilichapwa, nyingine zikafuata. Watu wa mbali walimjua kwa vitabu vyake; kwetu alibaki kuwa daktari, wa kuamshwa mtoto akipata homa. Bibi alipofariki, ni yeye aliyemfumba macho. Kisha akastaafu, asirudi kwao, macho yake yakafifia, na kalamu akaiweka chini. Kila nilipokwenda kumwamkia alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akanipapasa, akasema, "Wewe ni yeye kabisa." Sasa hakuna atakayeniambia hivyo tena. Uani kwetu pameota magugu, na siku hizi kahawa inauzwa bila kuchambuliwa; hakuna anayekusanya majirani mkekani.

Baada ya mazishi niliuliza kama kuna yeyote aliyebaki kati ya wale wanawake wa Jumapili. Nikaambiwa yuko mmoja. Nilimkuta ameketi juani nje ya nyumba ya mwanawe, amejitanda shuka. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia mama yangu kwa jina lake, na jina la kibanja chetu. Alinitazama kwa upole, akijaribu kukumbuka, midomo ikichezacheza.

"Simkumbuki, mwanangu. Alikuwa mtu wa hapahapa?"

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Alikuwa wa hapahapa." Nikaketi kando yake juani, nikaanza kumsimulia.