Nusu ya Sindano Iliyobaki Kifuani

Nitasema mambo ya titi langu mbele yenu, kwa sababu aibu ndiyo iliyotaka kuniua. Mficha uchi hazai. Anayeona aibu atazame chini, lakini asikilize.

Miaka ya tisini tulikuwa tumepanga nyumba Kitengela: mimi, mume wangu Wafula, na binti yetu Nekesa wa miaka minne. Kushona sikujua. Kifungo kikikatika, natia pini. Jirani yetu Mama Mutheu, Mkamba mwenye mdomo mkali kuliko pilipili, akaniuliza siku moja, "Mama Nekesa, huyu mtoto utamvalisha pini mpaka lini?" Akanifundisha kwa mkono wake: kukunja pindo, kutia kiraka, kukaza kifungo. Nikaipenda kazi hiyo mpaka nikawa natafuta nguo zilizoraruka.

Sheria yake ilikuwa moja tu: sindano ikitoka kwenye nguo, irudi kwenye kitambaa chake. Mimi, mwanafunzi mjuaji, niliichomeka kifuani mwa gauni kama nilivyoona mafundi wakifanya.

Jioni moja Nekesa alitoka kucheza, akanikimbilia na kunikumbatia. Nikahisi mchomo kwenye titi la kushoto. Nilivuta uzi, ukaja na nusu ya sindano, ile yenye tundu. Nusu yenye ncha haikuwepo.

Nilifagia sakafu mara tatu. Nikajidanganya kwamba imeanguka mahali. Wafula sikumwambia. Alikuwa mkali, na nilijua angemchapa mtoto.

Siku ya tatu titi lilivimba, likawa jekundu na moto. Nikivuta pumzi, kitu kinanidunga ndani. Siku hiyo kwenye bomba la maji, mama mmoja alikuwa akisimulia habari za mtu wa kwao Mashuuru. "Sindano ikiingia kwa mwili inatembea," akasema. "Inatembea mpaka ifike kwa roho." Niliacha ndoo yangu pale pale.

Tangu hapo sikuinua mkono wa kushoto, isije ikasogea. Nililala nimekaa, nikamwambia Wafula ni homa ya kifua. Nilisikiliza moyo ukipiga, nikingoja pigo la mwisho. Niliogopa kufa, na daktari pia nilimwogopa, maana nilidhani atakata titi lote. Usaha ulipoanza kutoka, niliuzuia kwa vipande vya shuka.

Harufu ndiyo iliyonifichua. Mama Mutheu alileta shati tulitie kiraka, akanusa, akafunga mlango. "Fungua hiyo blauzi." Nilifungua huku nikilia. Alitazama, akanifunga vifungo kwa mkono wake. Kisha akasema, "Vaa viatu. Tunaenda Kajiado saa hii."

Hospitalini nilipigwa picha. Daktari aliiinua kwenye mwanga, nami nikaiona sindano yangu, nyeupe, nyembamba, karibu na mbavu.

"Imefika kwa roho?" nikauliza.

"Haijafika. Lakini hii usaha ndiyo ingekumaliza, mama. Ulikuwa unangoja nini?"

Nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta.

Waliitoa. Kidonda hawakukishona, walikiacha wazi kisafike. Kila asubuhi nesi alichomoa kitambaa cha dawa kwenye lile shimo na kusukuma kingine. Nilipiga mayowe kuliko nilipojifungua.

Wafula alikuja, nikamwambia yote. Hakusema neno juu ya mtoto. Aliuliza tu, "Uliniogopa mimi kuliko kifo?" Halafu akalia. Sikuwahi kumwona akilia.

Niliporudi nyumbani, Nekesa hakunikimbilia. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. Kumbe aliniona nikiishika ile nusu siku ile, na akaniona nikiitafuta nyingine. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, ni mimi nilikudunga?" Siku zote hizo nikidhani ninamkinga, yeye alikuwa amebeba hofu hiyo peke yake. Nilimwita kwenye magoti yangu, nikamwambia sindano niliiweka mimi, mahali nilipokatazwa.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Mutheu na pua yake. Nilipona, na bado nashona. Wewe unayeficha kidonda leo ili fulani asilaumiwe, kiseme leo hii. Mimi ningekufa kimya, na Nekesa angekua akiamini kwamba alimuua mama yake kwa kumkumbatia.