Mlango wa Nyumba 117

Ilitangazwa rasmi, ikapigwa muhuri na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote vya bondeni, kwamba baada ya mafuriko hakuna kaya hata moja itakayobaki bila nyumba. Nyumba mbovu zenye watu zingekarabatiwa. Zilizo tupu zingebomolewa. Na ili mtu asije akaonewa, uamuzi ungetolewa na takwimu.

Takwimu hizo alikuwa nazo Klementi Likwata, mzaliwa wa Kipatimu, aliyeajiriwa na mradi huo wa nyumba pale Kilwa Masoko kugeuza majibu ya wadodosaji kuwa rangi kwenye skrini. Kijani, ina watu. Nyekundu, tupu. Kanuni aliitunga mwenyewe: mdodosaji akibisha hodi siku tatu asijibiwe, nyumba ni tupu. Wakubwa waliipenda kwa kuwa ilikuwa fupi.

Wadodosaji walifika Njinjo mwezi wa Mei, mpunga umekomaa, na nusu ya kijiji iko mashambani juu ya madungu, vichanja vya kulindia mpunga, inafukuza nguruwe na ndege. Klementi mwenyewe alikulia juu ya dungu. Jambo hilo alilikumbuka mwezi wa Julai, kikombe cha chai mkononi, alipoona nyumba tisa nyekundu za Njinjo zimepangiwa kubomolewa siku hiyohiyo. Akazigeuza zote kijani, akampigia msimamizi wa ubomoaji simu isiyopokelewa, akapanda bodaboda na kompyuta mgongoni.

Alikuta nane zimeshalala chini. Ya tisa, iliyoandikwa 117 mlangoni kwa rangi nyeupe, ilikuwa na mwenyewe kizingitini: Mwahija, mjane wa makamo, ameshika mchi wa kutwangia. Mbele yake tingatinga lilikuwa likinguruma.

“Simamisha, kaka!” Klementi alimpigia kelele Bonaventura, msimamizi wa ubomoaji. “Hiyo ni kijani!”

“Kwenye karatasi yangu ni nyekundu.”

“Nimeibadilisha asubuhi!”

“Umebadilisha kwenye kompyuta yako. Tingatinga halina bando.”

“Lakini mtu si huyo hapo? Humwoni?”

“Namwona. Kwenye orodha hayupo. Na orodha umeandika wewe.”

Mwahija alisikia. “Kumbe ni wewe! Si mtoto wa Likwata wa Kipatimu? Kwenu mtu akienda kulinda mpunga mnamsomea hitima?”

Mgambo wawili waliokuja na Bonaventura walimvamia Mwahija. Wa kwanza alikutana na mchi, taya likalia kama muhogo mkavu unaovunjwa. Wa pili alimpiga mwanamke rungu la mbavuni, akampiga tena alipokuwa ameshaanguka. Nurdin, kaka yake Mwahija, akatoka uani na panga, akamkata huyo wa pili begani hadi mfupa ukaonekana. Klementi akajitosa katikati, kompyuta juu ya kichwa. Ilikinga rungu moja la yule mgambo wa kwanza, ikapasuka. La pili lilimpata mdomoni, akatema meno mawili. Dereva wa tingatinga, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, alisonga mbele kama alivyoagizwa. Ukuta ulimwangukia Nurdin kuanzia magotini kwenda chini.

Machela haikuwapo. Waliuchomoa mlango kwenye kifusi, wakamlaza Nurdin juu yake, wakambeba mpaka barabarani, damu ikichuruzika pembeni. Hospitalini alikatwa mguu wa kushoto. Mwahija, mbavu tatu zimevunjika, alikaa barazani na mlango wake ameuegemeza ukutani. Hakuwa na pengine pa kuupeleka.

Jumatatu Klementi aliketi ofisini, mdomo umevimba, awaingize wenye nyumba zote tisa, akianza na Mwahija, kwenye orodha ya kaya zisizo na nyumba, maana asiyekuwa kwenye orodha hiyo hangejengewa. Lakini mfumo alioujenga mwenyewe uliitambua kaya kwa namba ya nyumba, si kwa kitu kingine. Akaandika 117. Mfumo ukajibu kwamba nyumba hiyo haipo. Akaacha nafasi wazi. Mfumo ukamwomba aandike namba ya nyumba.

Saa nne wakubwa walifungua skrini yao. Kaya zisizo na nyumba: sifuri.

Kule barazani, namba 117 ilikuwa bado inasomeka vizuri.