Bendera za Mkopeshaji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwangu Parklands hadi Ngara ni mwendo wa miguu, lakini kibanda cha ushonaji cha dada yangu nilikiona mara chache kuliko watalii wanavyoona simba.

Barabara mpya ilipotangazwa, kibanda kilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Pesa za barabara zilikuwa mkopo wa serikali ya nje, ile iliyotaka kura yetu kwenye mkutano wa mataifa na ikapewa.

"Kura moja, barabara nzima," nikasema nikiwa kwa sofa. "Mimi yangu haijawahi kuniletea hata soda."

Dada hakucheka. Afisa wa wizara alikuwa amemdokezea kwamba siku ya uzinduzi zitahitajika bendera za mkopeshaji. Dada akaamua kwamba anayeshona bendera habomolewi. Akaacha sare za shule, akashona hata Jumapili. Alipozileta kwangu jioni, mimi nilisaidia kukata nyuzi, nimelala.

"Mistari imepinda. Balozi atadhani ulikuwa umelewa."

"Wewe umepinda mgongo na nimenyamaza."

Alipozipeleka wizarani, afisa alikunjua moja, akaisifu, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Mama, kwani husomangi gazeti? Mkataba unasema kila kitu kitoke kwao. Saruji, misumari, hata mpishi. Bendera zilishakuja na ndege."

"Si ni wewe uliniambia?"

"Nilisema zitahitajika. Nilisema zako?"

Dada akarudi Ngara, akazitundika zote kibandani, ukuta kwa ukuta. Aliamini hakuna dereva atakayethubutu kukanyaga bendera ya tajiri. Na kweli, tingatinga lilipofika, dereva alisimama, akashuka. Akazitoa moja moja, akazikunja kwa adabu, akamwekea dada mikononi. Kisha akapanda, akabomoa.

Sasa dada anakaa kwangu. Sofa ameichukua yeye, na cherehani iko jikoni, imefunikwa bendera. Uzinduzi tuliutazama kwenye runinga. Bendera zilizokuja na ndege zilipepea palepale alipokuwa akiweka kiti chake. Dada akasogea karibu na kioo, akakodoa macho.

"Hata zao zimepinda," akasema.

Nilicheka sana. Nilicheka peke yangu.