Sweta za Damu ya Mzee

Mashine ya kiwanda cha chai ilipomkata mume wangu vidole viwili, kampuni ilimpa fidia, kisha ikatupa mwezi mmoja tuhame nyumba yake. Tulikuwa tumeishi katika kambi ile ya wafanyakazi miaka tisa tangu tutoke upande wa ziwa, na watoto wetu wote watatu walizaliwa hapo. Ndugu zetu walitaka turudi nyumbani tukalime. Mume wangu alikataa. Alisema hawezi kurudi kwao na mkono mbovu awe mtu wa kuonewa huruma. Akachukua ile fidia yote akaninunulia mashine ya kufuma sweta, kwa kuwa nilijifunza kazi hiyo kabla sijaolewa. Tukapanga chumba katika kituo kidogo kando ya barabara ya kutoka Kericho kwenda Bomet. Mashine tukaiweka dirishani, kitanda tukakificha nyuma ya pazia.

Uzi ndio ulikuwa taabu. Mjini Kericho duka moja tu liliuza uzi wa mashine, na bei yake ilikuwa ya kuuma. Mama mmoja tuliyesali naye akanionyesha tangazo gazetini la muuzaji wa Nairobi aliyetuma uzi kokote nchini. Ukimwandikia barua, anakutumia kadi iliyobandikwa vipande vya uzi vya kila rangi, kila kimoja na namba yake. Unachagua namba, unatuma mani oda, na mzigo unaletwa na basi. Alikuwa akiwauzia wafumaji wa karibu kila wilaya, nasi tulilitaja hilo kama sifa. Mtu anayeuzia watu wengi hivyo atakuwaje mwongo? Niliagiza kidogo mara mbili, na mara zote mbili uzi ukaja safi.

Mwezi wa tatu mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya pale aliniita ofisini. Alitaka sweta sabini za madarasa ya chini, rangi ya damu ya mzee, ziwe tayari muhula wa pili ukifunguliwa, kabla baridi haijakaza.

"Kuna watu wa kamati waliosema kazi hii apewe mwenyeji," aliniambia. "Mimi nikawaambia, mama huyu anakaa hapa na watoto wake wanasoma hapa. Sasa usiniangushe."

"Siwezi kukuangusha, mwalimu."

Wazazi walitoa malipo ya kwanza, nami nikayatuma yote Nairobi.

Uzi haukuja. Kila siku ya pili nilikwenda ofisi ya basi mjini, na karani alitikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Nilipanga foleni kwenye simu ya kibanda, pale posta.

"Mzigo umetoka, mama," msichana wa Nairobi alisema.

"Umetoka lini?"

"Umetoka."

Sarafu zikaisha, simu ikakatika. Nilipopiga tena juma lililofuata, jibu lilikuwa lile lile. Mzigo ulifika zikiwa zimebaki wiki mbili shule zifunguliwe. Nilifungua gunia, nikatoa koni za uzi moja moja na kuziweka karibu na kadi. Namba ilikuwa ile ile, lakini koni nyingine zilikuwa nyeusi kidogo kuliko nyingine, na zote zilinuka kama mafuta ya taa. Moyo ulinikataza, kalenda ikanisukuma. Nikaanza kufuma.

Mume wangu ndiye aliyezungusha uzi na kuupitisha kwenye kipande cha mshumaa ili uteleze. Siku ya tatu alinionyesha kiganja chake. Kilikuwa chekundu mpaka kwenye makovu.

"Mama watoto, uzi huu unatoa rangi."

"Hilo ni vumbi la kiwandani," nilimjibu. "Likishatoka, limetoka."

Alinitazama, akarudi kwenye kazi. Nilijua ninachosema si kweli. Ningeweza kuchovya kipande kimoja tu kwenye kikombe cha maji, dakika moja, nikajua. Sikuchovya. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini, na jibu ni kwamba niliogopa kujua. Hatukuwa na uzi mwingine wala pesa nyingine, na siku zilikuwa hazitoshi.

Nilipeleka sweta sabini siku ya kufungua shule. Watoto walizivaa gwarideni, na mwalimu mkuu akanipigia makofi mbele ya wazazi. Siku mbili mvua haikunyesha. Siku ya tatu ilikuja saa ile ile watoto wa madarasa ya chini wanatoka, mvua ya kwetu isiyotanguliwa na upepo, inayoshuka tu kama imefunguliwa.

Nilikuwa mlangoni nikisubiri wa kwangu nilipomsikia mwanamke akipiga mayowe barabarani. Alikuwa mama wa msichana wa darasa la kwanza, mkulima wa chai wa ng'ambo ya mto, na alikuwa amekuja na mwavuli kumpokea mtoto wake. Alimkuta anatembea taratibu, huku maji mekundu yakimchuruzika shingoni na magotini mpaka ndani ya soksi. Akatupa mwavuli. Alimvua mtoto nguo palepale barabarani, akimpapasa kichwa, mgongo na mbavu, akitafuta jeraha. Mtoto naye alipoona hofu ya mama yake alianza kulia, na kilio kile kikamhakikishia mama kwamba ameumia. Watu walikimbia kutoka madukani. Ni mwenye hoteli aliyeikamua sweta na kusema, "Mama, si damu. Ni sweta."

Yule mama alimfunika mtoto kwa leso yake, akaokota ile sweta, akavuka barabara hadi kwangu. Hakunitukana. Aliiweka kwenye kizingiti, ikaanza kutengeneza dimbwi, akanitazama tu.

"Nisamehe," nilimwambia.

"Nilidhani amekufa akiwa anatembea," alisema, akaondoka.

Kabla mvua haijakatika walikuwa wamekuja wengine, na kesho yake wengine zaidi. Mashati meupe ya shule yalikuwa yameharibika pamoja na sweta. Baadhi yao walisema kwa lugha yao mambo ambayo walidhani siyaelewi. Baada ya miaka tisa niliyaelewa. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe na kusimama nje, hakutaka kiti.

"Sasa nitawaambia nini?" aliniuliza.

Nilichemsha sweta kumi kwa chumvi na siki, kama nilivyofundishwa. Sufuria ikawa nyekundu kama ya kukingia damu. Nilimwaga maji na kurudia mara sita, na kila mara rangi ikaendelea kutoka, mpaka sweta zikawa za rangi ya ufizi, zimerudi udogo wa kuvaliwa na mtoto wa kubebwa mgongoni. Niliketi chini kando ya jiko na sikuweza kuinuka. Mume wangu aliwapikia watoto uji kwa mkono wake mmoja mzima, akaniacha nilivyo.

Tuliuza redio, nikapata nauli. Nilipanda basi kwenda Nairobi na gunia la sweta na koni zilizosalia. Duka la yule muuzaji lilikuwa ghorofa ya pili, chumba kirefu kilichokatwa na kaunta ya waya. Nyuma ya waya vifurushi vilipangwa hadi darini, vyote vimeshaandikwa majina ya miji. Upande wetu, kwenye benchi, walikaa wanawake wanne wenye magunia kama langu. Mmoja alitoka Meru, mwingine Kisii. Yule wa Kisii alisogea nikae.

"Wewe ni mara ya ngapi?" aliniuliza.

"Ya kwanza."

"Mimi ya tatu," alisema.

Muuzaji alikuwa mzee mpole wa sauti, miwani puani, akibandika karatasi kwenye vifurushi huku akizungumza nami. Hakuacha kubandika.

"Mama, ninatuma vifurushi mia kwa siku. Sitajua uzi wako ulitoka katoni gani. Kadi inasema wazi kwamba rangi inaweza kutofautiana kidogo."

"Haijatofautiana. Inatoka."

"Labda mlizifua sweta kwa maji moto."

"Zilinyeshewa, mzee. Mvua tu."

Kwenye kaunta palikuwa na glasi yake ya maji. Nilipitisha mkono kwenye tundu la waya, nikaivuta, nikachovya ncha ya uzi. Wanawake wa benchi walisimama kuona. Rangi iliteremka ndani ya maji polepole kama moshi, mpaka glasi ikawa nyekundu. Hapo ndipo alipoacha kubandika. Akaitazama glasi, akanitazama mimi.

"Sasa umeniharibia maji ya kunywa," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa jibu lile. Nililia mbele yake kama mtoto. Nilimwambia habari za vidole vya mume wangu, za mama wa barabarani, za kamati. Wanawake wale wanne walianza kupiga kaunta kwa viganja, wakisema apewe, huyu apewe. Nadhani alichotaka ni kelele ziishe. Alimwita msichana wa kazi, naye akaniletea koni za buluu nzito, chini ya nusu ya nilizonunua. "Chukua hizi au uache. Damu ya mzee imeisha," muuzaji alisema. Nililamba kidole nikakisugua kwenye uzi. Hakikubeba rangi. Nikachukua. Yule wa Kisii nilimwacha kwenye benchi.

Shule haikutaka buluu. Mwalimu mkuu alisema kwa upole kwamba kamati imeshampa kazi mtu mwingine, ila sweta za wazazi waliolipa bado ni deni langu. Nilifuma zile za buluu, nikawauzia walinzi wa mashamba ya chai. Pesa zake hazikutosha. Mwezi wa saba tukauza mashine. Mnunuzi alikuja na mkokoteni, na mume wangu akamsaidia kuifunga kamba. Kwa pesa hiyo nilianza kununua uzi wa bei ya kuuma pale Kericho, kidogo kidogo, nikafuma kwa sindano za mkono jioni, baada ya kuchuma majani chai ya watu kwa kibarua. Shamba la kwanza kunipa kibarua lilikuwa la yule mama wa ng'ambo ya mto. Hatukuwahi kuzungumza juu ya siku ile. Alinionyesha mistari yangu, akanipa kikapu.

Mtoto wa mwisho kati ya wale niliokuwa na deni lao alipata sweta yake mwezi wa kumi, wakati baridi imekwisha. Alikuwa msichana mrefu, na katika miezi ile alikuwa ameongezeka tena, kwa hiyo mikono ya sweta ilimfika katikati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Nyanya yake alisema haidhuru. Nikamwambia mtoto aivue, nikaketi kwenye ngazi yao, nikafumua pindo za mikono na kuanza kuongeza mistari, naye amesimama mbele yangu ameninyooshea mikono ili nipime.