Maji ya Kulinganishia

Mwaka wa mwisho wa shahada yangu ya pili, pale Mbeya, kazi yangu ilikuwa kutengeneza unga wa plastiki unaonasa dawa ya magugu iliyoyeyuka kwenye maji. Unachanganya malighafi za plastiki na dawa yenyewe, unaacha zigande, unasaga, kisha unaosha mpaka dawa yote itoke. Vinabaki vitobo vidogo mno, vyenye umbo la ile dawa. Ukipitisha maji, dawa inaingia kwenye vitobo vyake, vitu vingine vinapita. Nilipomweleza mama, aliuliza kama unga huo unaliwa.

Nilihitaji maji ambayo hayajaguswa na dawa, niyalinganishe na maji ya mashamba ya Usangu. Nikaleta lita tano za kisima cha nyumbani Nyololo. Nilikua nikinywa maji yale. Kwenye daftari niliandika "maji safi" kabla sijayapima.

Maji ya Usangu yalikuwa na dawa kidogo. Maji safi yalikuwa na dawa zaidi.

Msimamizi wangu hakushtuka. "Hujaosha unga vizuri," alisema. "Dawa uliyotengenezea ndiyo inayovuja. Kaoshe."

Nikaosha siku nne kwa methanoli na asidi ya siki. Nikapitisha maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Mashine ya kupimia haikuona dawa. Nikatengeneza na unga mwingine bila dawa, usio na vitobo. Huo haukunasa cha maana. Kwenye unga wenye vitobo, maji ya Nyololo yakaleta jibu lilelile.

Msimamizi alisoma karatasi ya majibu mara mbili. "Haya maji ni ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Basi nenda kwenu."

Nilimkuta mama anasuuza bomba la kupulizia dawa ya magugu, hatua sita kutoka kisimani, upande wa juu.

"Mama, bomba huwa unaoshea hapa?"

"Sasa nikaoshee wapi? Maji si haya hapa."

"Tangu lini?"

"Tangu baba yako afariki. Zamani alikuwa anaosha yeye."

"Wapi?"

"Hapahapa."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika bomba, matone yakidondokea majanini.

"Kwa hiyo nimekusomesha uje uniambie nimekulea kwa dawa," alisema.

Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtuliza. Badala yake nikampokea bomba. Tuliingia ndani, akamimina chai, akaitazama, akaenda kuimwaga. Kisha akachukua ndoo na kwenda kwa jirani mwenye bomba la maji ya mradi.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, alisimama. Aliwaambia wenzake mabomba ya dawa yaoshewe shambani, mbali na visima. Mama mmoja akauliza nani kasema.

"Kisima kilichopimwa ni changu," mama akajibu, akakaa.

Nilirudi Mbeya na chupa kumi na moja za maji, kila moja imeandikwa jina la mwenye kisima. Hazikuwa kwenye mpango wa utafiti wangu. Nilizipima zote, na tasnifu ikachelewa muhula mzima. Mwenye majibu mabaya kuliko wote alikuwa mwalimu wa kwaya. Nilimpigia simu nikiwa na wasiwasi, nikamweleza polepole. Akashukuru, akauliza kama ng'ombe wanaokunywa pale nao wahamishwe.

Nikamwambia ndiyo, nao.